Kambi ya kutwa: kazi iko kati ya mchezo na mchezo

Siku yangu ya kwanza ya kulea watoto kwenye kambi ya kutwa, ile ambayo watoto huja asubuhi na kurudi nyumbani jioni, likizo ya kiangazi, nilifika na daftari limejaa michezo. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeimaliza yote. Mtoto wa miaka 6 hachezi mchezo mmoja dakika 40. Ukibahatika ni 15, kisha anakaa chini anang'oa majani.

Lakini si michezo iliyonishinda. Kilichonishinda ni ule muda wa kuhama: foleni ya choo, kusubiri zamu ya bwawa, kutoka uwanjani kwenda kivulini. Hapo ndipo wanaposukumana, na hapo ndipo mtoto anapopotea.

Mimi alinipotea mmoja. Wiki ya pili, nina watoto 9. Uwanjani walitimia, mlangoni wakawa 8. Mate yalinikauka mdomoni. Nilimwachia mwenzangu wale waliobaki, nikarudi mbio. Nikamkuta chini ya benchi amechuchumaa na chupa yake, anamiminia maji tundu la sisimizi, taratibu kabisa.

Tangu hapo nahesabu tunapoondoka na tunapofika, tena kwa majina. Namba peke yake hudanganya: watoto wanaweza kutimia 9 huku mmoja ni wa kundi la jirani.

Muda wa kuhama ujaze. Kwangu hakuna kilichoshinda vitendawili. Ukisema "kitendawili", hata aliyenuna anaitika "tega". Wape na wao nafasi ya kutega, ingawa vingi vyao havina jibu.

Kabla ya kukubali kundi, uliza ni la watoto wangapi. American Camp Association, chama cha kambi cha Marekani, hupendekeza, kwa kambi za kutwa, mlezi 1 kwa watoto 8 wa miaka 6 hadi 8, na 1 kwa 10 wa miaka 9 hadi 14. Uliza pia nani ana mzio na dawa yake inakaa wapi. Jioni, asiye kwenye orodha ya wachukuaji hapewi mtoto, hata kama mtoto mwenyewe anamkimbilia kwa furaha. Atakasirika, mwache akasirike. Na usijifungie chumbani na mtoto mmoja, kwa usalama wake na wako.

Sauti nayo itunze. Mimi kufikia Jumatano sauti ilikuwa inakwaruza kama ya chura. Sasa nikitaka wanisikilize nachuchumaa, nasema kwa sauti ya chini, na wao wanasogea.

Yule wa sisimizi, mama yake nilimweleza mwenyewe jioni ile ile, kabla hajasikia kwingine. Nilitarajia kufokewa. Alinyamaza, akanitazama, akamtazama mwanawe. Mtoto akadakia: "Mama, walikuwa na kiu."