Masika hiyoo, planta bado iko bandani

Mwezi wa pili ukifika ndo watu wa Manyara, Arusha na Kilimanjaro wanakumbuka wana planta, ile mashine ya kupandia mbegu. Maswali yamekuwa mengi, najibu haya, yanayofanana nimeyaunganisha.

Planta yangu ya mistari minne ilikaa bandani tangu mwaka jana, fundi anasema nibadilishe cheni tu. Inatosha? (Babati)

Haitoshi. Fundi kaangalia kinachoonekana. Wewe anza na boksi la mbolea, maana DAP, ile mbolea ya kupandia, inanyonya unyevu, ikibaki humo inaganda na kula bati, shafti ya chini inakamatana haigeuki, ukilazimisha kwa trekta unakata pini siku ya kwanza ya kupanda. Kwangua, osha, kausha, kisha zungusha kwa mkono uone kama inalainika. Halafu mabomba ya kushushia mbegu, mmoja amulike tochi juu mwingine achungulie chini, panya wanapenda sana kulala humo, na bomba likiziba utajua wakati mistari mitatu imeota na mmoja ni udongo mtupu. Sahani za mbegu, zile zenye matundu ya kushika punje, toa zote. Ile dawa nyekundu ya kwenye mbegu inaganda kwenye matundu, tundu linakuwa dogo, punje haikai. Mwisho shika diski za kufungulia mfereji utikise, zikicheza beringi zimekwisha. Nunua sasa hivi. Mvua ikishanyesha muuza spea anajua una shida na bei yake nayo inajua.

Mbegu kilo ngapi kwa heka? (wengi mno)

Kila mwaka swali hilihili jamani! Mfuko umeandikwa, kwa kawaida ni kilo 8 mpaka 10 za mahindi kwa heka, yaani ekari. Ila planta haijui kilo, inajua punje, na punje za mfuko huu si saizi ya punje za mfuko ule. Nafasi ya sentimita 75 kwa 25 ni kama punje 21,500 kwa heka, 75 kwa 30 ni kama 18,000. Msiniulize tena.

Mkuu, planta inaacha mapengo, halafu mbele inatupa punje tatu pamoja. Nimeuziwa mbovu? (Karatu)

Sidhani. Mara nyingi ni sahani isiyolingana na mbegu, au dereva. Na nina uhakika hukupima kabla, maana ungepima usingeniuliza mimi.

Kupima hakutaki mtaalamu. Inua planta kwa jeki, lile tairi lake linalozungusha sahani lining'inie, pima mzunguko wake kwa kamba, tuseme umepata mita 2. Weka alama ya chaki, weka mbegu, funga kimfuko chini ya kila bomba, zungusha tairi mara 25, hapo ni kama umetembea mita 50 shambani. Kama unataka punje kila sentimita 25 basi kila mstari ukupe kama punje 200. Ukipata 150 huku na 230 kule umeshajua pa kwenda kufungua. Mbolea ni hivyohivyo, ukitaka mfuko mmoja wa kilo 50 kwa heka na mistari ya sentimita 75, kila mstari utoe kama gramu 460 kwenye hizo mita 50, mzani wa dukani kwa jirani unatosha. Shambani tairi linateleza kidogo kwahiyo fukua mstari uhesabu punje pia, usiamini hesabu ya bandani peke yake.

Sasa dereva. Wa kukodi analipwa kwa heka, ndo maana anakimbia, na planta ya sahani ukiikimbiza punje haipati muda wa kuingia kwenye tundu. Mwendo ni wa mtu anayetembea haraka, basi. Muongeze hela kidogo kwa makubaliano kwamba unatembea nyuma yake unafukua, akikataa tafuta mwingine. Watu wanakaa kivulini wanahesabu heka zilizokwisha halafu baadaye wanalaumu mbegu.

App gani nzuri ya simu ili mistari inyooke?

Hakuna. GPS ya simu inakosea mita kadhaa na mstari wako ni sentimita 75, tengeneza ule mkono wa planta unaochora alama pembeni. Simu itumie kuzunguka shamba upate ukubwa wake kabla dereva hajakwambia ni heka ngapi. Hapo ndo teknolojia inakurudishia hela.

Nina trekta ya hp 50, nataka planta ya upepo, naambiwa ndo mpango mzima.

Ni nzuri kweli, inanyonya punje kwa upepo wa feni na kuzishika moja moja hata kama saizi zimechanganyika. Ila hiyo feni inataka PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta, izunguke mara 540 kwa dakika muda wote, na mpira wa kuzibia ukichanika kidogo tu upepo unavuja, mapengo yanarudi palepale. Kabla ya kuuliza bei uliza hiyo mipira inauzwa wapi. Uliza pia kama mashine imepimwa CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha zana za kilimo pale Arusha. Na mitumba yenye kompyuta ambayo hakuna fundi wa kuifungua, achaneni nayo.

Cheni nipake grisi?

Hapana. Vumbi linashika, inageuka msasa. Oili nyepesi.

Drone ya kupandia mahindi?

Ya kunyunyizia dawa sawa. Ya kupandia mahindi, hapana.

TMA, wale wa hali ya hewa, wakishatoa utabiri wa masika nipande kwenye vumbi kabisa?

Utabiri wa msimu haukupi tarehe ya shamba lako. Mvua moja ya kudanganya inaotesha, jua linamaliza. Ukiamua lazima, shusha mbegu hadi sentimita 7 na hakikisha mbolea inaangukia pembeni ya mbegu, DAP ikigusana na mbegu inaiunguza.

Mimi sina trekta, nataka ile ya kusukuma kwa mkono. Haya yananihusu? (mama wa Hai)

Yanakuhusu mama yangu, pima vilevile kwa mzunguko wa gurudumu. Na ukinunua chukua sahani ya maharage palepale dukani, ukirudi baadaye watakwambia haziuzwi peke yake.