Mbwa wa zizini: ukali siyo ulinzi

Anayetafuta mbwa wa kulinda mbuzi huuliza kwanza: "Ni mkali?" Swali hilo ndilo linalojaza vijiji mbwa wanaong'ata wapita njia mchana, halafu usiku fisi anabeba mbuzi huku mbwa hao wamelala jikoni. Mbwa mzuri wa zizini anawahesabu mbuzi kuwa ndugu zake, basi. Silika ya kulinda anazaliwa nayo, ila nani wa kulindwa anajifunza akiwa mdogo, na muda wenyewe ni mfupi: tangu wiki ya 3 mpaka ya 16 hivi.

Usihangaike na mbwa wa kigeni. Namibia wanatumia Kangal, mbwa wa mifugo wa Kituruki, tangu 1994, lakini hao ni majitu yanayokula sana. Mtoto wa mbwa wa kienyeji wa Masasi au Nachingwea anatosha, mradi mama yake ametulia akiwa katikati ya mbuzi. Mchukue akiwa na wiki 7 au 8, umpeleke zizini moja kwa moja bila kupitia barazani.

Humo mtengee kona kwa fito, uache upenyo ambao yeye anapita na mbuzi hapiti. Chakula na maji viwe ndani ya kona hiyo. Ukikosa kufanya hivyo mbuzi watamlia ugali, naye atajifunza kuwapigania bakuli, na mbwa aliyezoea kugombana na mbuzi hawezi tena kuwa mlinzi wao. Mwanzoni mweke na mbuzi watatu au wanne walioachishwa kunyonya. Mama aliyezaa juzi atampiga pembe, na mtoto wa mbwa aliyeumizwa atawaogopa mbuzi maisha yake yote. Watoto wa nyumbani wasimgeuze mwanasesere. Lakini mshike kila siku, humohumo zizini, umkague masikio, mdomo na kucha, ili siku ya chanjo asikukimbie.

Balaa linaanza akifika miezi 5 hadi 15. Hapo anakimbiza vitoto vya mbuzi, anavuta mikia, anatafuna masikio. Ni mchezo tu, ila mbuzi anaweza kufa kwa mchezo huo. Wengi humpiga rungu au kumuua kabisa, na ndio wanaolalamika kila mwaka kwamba hawapati mbwa. Mkemee palepale akiwa anatenda. Dakika kumi baadaye hajui unamkemea nini. Mhamishie kwa mbuzi wakubwa, hasa beberu asiyekubali utani. Akiendelea, funga kijiti cha sentimita 30 hadi 40 kwenye mkanda wa shingo, kining'inie kwa upana juu kidogo ya magoti ya mbele. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinamgonga miguu. Jioni kitoe, maana fisi akija asimkute amefungwa breki. Akitimiza miaka miwili bado anakimbiza mbuzi, huyo mpe kazi ya kulinda nyumba.

Sikiliza mlio wake. Anayelinda hunyanyua mkia, hugeukia upepo unakotoka, hubweka kwa sauti nzito yenye vituo, huku akitembea kati ya mbuzi na pori. Mbuzi waliomzoea hujikusanya nyuma yake. Mlio ukiwa wa haraka tena unazidi kwenda mbali, anafukuza, na hiyo siyo sifa: fisi wa pili anaingia kwa nyuma. Mwite arudi. Asubuhi na jioni mzungushe nje ya ua akojoe anapotaka, kwani harufu hiyo ndiyo inayowaambia fisi kuwa pana mwenyewe. Masika, nyasi zikishapanda, mzunguko huo usiukose hata siku moja.

Kwa Liwale na vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kumbuka kuwa chui anapenda nyama ya mbwa. Huko weka mbwa wawili au zaidi, walale ndani ya ua pamoja na mbuzi, wala usimfunge mmoja nje kama chambo. Mbung'o nao hawamwachi mbwa: ukiona jicho linaingia ukungu, anakonda na hataki kula, mwite mtaalamu wa mifugo mapema.

Mbwa wa kilo 20 anahitaji unga wa dona gramu 300 hadi 350 kwa siku kabla ya kupikwa, na konzi mbili za dagaa. Ukipika wa muhogo ongeza dagaa, maana muhogo ni shibe tu. Kwa nyumba zinazochunga najisi, bakuli lake likae zizini na lioshewe hukohuko. Mbwa wa mifugo dini imemruhusu. Chanjo ya kichaa apewe akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka.

Dawa ya minyoo mpe kila miezi mitatu akishakua. Na siku ya kuchinja usimrushie mapafu, maini wala kichwa kibichi. Kuna tegu wanaopita humo kuingia kwa mbwa. Yule wa kichwani, mayai yake hutoka na kinyesi hadi kwenye majani, mbuzi akiyala malengelenge humea ubongoni. Ukimwona mbuzi anazunguka mahali pamoja kichwa kimeinama upande, huenda ni tegu huyo. Viungo hivyo chemsha hadi viive kabisa, au zika kwa kina ambacho mbwa hafukui.