Mafuta ya Kupikia na Kolesteroli: Joto la Mombasa Huficha Mengi

Wengi hupima mafuta kwa macho: yakiganda ni mabaya, yakitiririka ni mazuri. Kwa baridi ya Limuru kanuni hiyo ina nafuu, lakini Mombasa itakupoteza. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hivyo hapa ni maji karibu mwaka mzima, ilhali zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta shibe, aina inayopandisha LDL, kolesteroli mbaya. Mawese nayo hutenganishwa kiwandani na ile sehemu nyepesi ikauzwa kama mafuta ya maji. Hata hiyo nyepesi ina mafuta shibe ya asilimia 40 na zaidi, na mara nyingi ndiyo unayopimiwa dukani.

Maneno "bila kolesteroli" kwenye mtungi yasikuzuzue. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika tangu hapo. Kazi hufanyika kwenye ini: mafuta shibe hupunguza vipokezi vinavyoiondoa LDL kwenye damu, nayo ikabaki ikizunguka. Geuza mtungi usome mstari wa "saturated", yaani mafuta shibe. Kwa kila gramu 100, alizeti ni 11 hivi, mahindi 13, zeituni na simsim 14. Samli hupita 60.

Mafuta ya kupimiwa hayana lebo, basi yajaribu. Mimina vijiko viwili kwenye gilasi kavu, funika, weka kwenye friji (si friza) hadi asubuhi. Mawese hufanya ukungu mweupe au huganda kabisa. Alizeti kwa kawaida hubaki angavu. Zeituni na njugu pia huweza kuganda humo, kwa hivyo usiyahukumu kwa kipimo hiki.

Tuje kwenye nazi, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Husemwa kuwa mafuta ya nazi hupandisha HDL, kolesteroli nzuri. Ni kweli, ila hupandisha na LDL: uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta LDL juu kwa takriban 0.27 mmol/L ukilinganisha na mafuta ya mimea yasiyo ya nchi za joto, kama alizeti na zeituni. Shirika la Afya Duniani lataka mafuta shibe yasifike asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 22 hivi kwa mlo wa kalori 2,000. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nazi kimeshabeba 11. Hakuna anayekukataza wali wa nazi. Pikia kwa tui jepesi, kasimile (tui zito la kwanza) tia kidogo mwishoni, na usikaangie vitunguu kwa mafuta kwanza kisha ukamwaga tui juu yake. Siku ya samaki wa kupaka, mbaazi za nazi zingoje kesho.

Kwenye karai, kosa kubwa ni moto mdogo. Viazi karai vikiingia kabla mafuta hayajafika nyuzi 170 hivi, rojo la unga hunywa mafuta badala ya kushika ganda. Tia tone la rojo: likizama na kukaa chini, ngoja, likipanda mara moja na kuchemka pembeni, anza. Kaanga machache kwa zamu, maana ukijaza karai joto huanguka. Mafuta yakitoa povu lisilotulia, yakafuka moshi mapema au yakaacha gundi ukingoni, yatupe. Kuyaongezea mapya hakuyafufui.

Kuna wanaonunua zeituni na kuimwagia juu ya chakula kilekile cha samli. Hiyo ni nyongeza ya kalori tu. Na ukiacha mafuta ukajaza nafasi yake kwa mkate mweupe na chai ya sukari tele, trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, ndizo zitakazopanda.

Badilisha mafuta, kisha pima tena baada ya wiki 6 hadi 12, katika maabara ileile. LDL ikiwa 4.9 mmol/L au zaidi, huenda ni ya kurithi, na mafuta peke yake hayataimaliza: muone daktari. Anayemeza statini, dawa ya kushusha kolesteroli, asiiache kwa sababu amehamia alizeti.