Kabla ya kumshuku mpangaji mwenzako, soma dira

Nyumba yetu ipo Isevya, hapa Tabora mjini. Vyumba sita, dira moja ya maji, na mimi ndiye ninayekusanya hela kila mwezi. Mliopanga nyumba za namna hii mnajua bili ikipanda kinachofuata: macho yote yanamgeukia mwenye mtoto mchanga.

Kiangazi kilichopita tulitoka uniti 14 tukafika 19. Nilimfuata mama mwenye kichanga nikamwambia apunguze kufua nepi. Aliniitikia tu, "Sawa dada," akaingia ndani. Neno hilo linaniuma mpaka leo, maana nepi hazikuwa na kosa lolote.

Mamlaka ya maji hutukumbusha mambo matatu: tufunge koki, tutoe taarifa tukiona maji yanamwagika, tusome dira zetu wenyewe. Mawili ya kwanza nilikuwa nayafanya. La tatu niliona ni kazi ya msoma dira, kumbe ndilo lenye faida kuliko yote.

Fanya hivi. Usiku watu wakishalala na koki zote zimefungwa, piga picha dira kwa simu. Tarakimu nyeusi ni uniti, nyekundu ni vipande vya uniti. Alfajiri, kabla mtu hajachota hata kopo, piga nyingine. Mimi nilipiga saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Katika saa hizo 7 zilikuwa zimepita lita 42, na hakuna aliyeamka. Ni lita 6 kila saa, 144 kwa siku, zaidi ya 4,300 kwa mwezi. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tulikuwa tunamwaga ndoo zaidi ya 200 kila mwezi!

Kutafuta palipovuja kulinichukua nusu siku. Nilifunga valvu moja moja huku nikiangalia kile kigurudumu kidogo cha kwenye dira, kinachozunguka hata maji yakipita kidogo. Nilipofunga ya chooni kikasimama. Boya la tangi la kuflashi lilikuwa limelegea, maji yanapanda hadi mdomo wa bomba la ndani na kuteremkia kwenye sinki bila sauti. Ukishuku choo chako, tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki, panavuja.

Siku hiyohiyo jioni nilikwenda kumwomba radhi yule mama.

Wenye simtanki juu, angalieni na boya la huko. Presha ya usiku huwa kubwa, tangi linafurika mmelala, na asubuhi mchanga ulioloa mnadhani ni umande. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa kudekia na kuoshea choo, hilo wengi mnalijua.

Kuna jirani aliniambia, "Siku hizi tunakunywa Ziwa Victoria, litaisha lini?" Namwelewa. Tuliokua tukitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima tunakumbuka foleni za ndoo, na maji ya ziwa yalipofika mjini tulishukuru sana. Lakini maji hayo yanavutwa Ihelele, kule Misungwi, yanasafishwa kwa dawa, yanasukumwa kwa mitambo ya umeme, yanapita Nzega ndipo yanatufikia, safari ya zaidi ya kilomita 200. Yote hayo yamelipiwa kabla tone halijafika chooni kwangu. Na likivuja kwangu, kuna mtaa wa mwisho wa bomba ambao presha haiwafikii.

Jambo jingine linalowagombanisha watu: bomba la kabla ya dira ni la mamlaka, la baada ya dira ni lako. Ukikuta maji yanachuruzika barabarani, piga simu na utaje alama ya karibu, msikiti, shule au mwembe mkubwa, mafundi wasipotee. Yakivuja ndani ya uzio wako, tafuta fundi bomba mwenyewe.

Sasa tuna daftari limening'inizwa ukutani karibu na dira. Kila Jumapili mpangaji mmoja anasoma kwa zamu, anaandika, wengine wanaona. Wiki ikiruka kwa namba tusiyoielewa, tunapima usiku huohuo, hatusubiri bili.