Umri wa Wageni Vijana Klabuni: Andikeni Namba, Msiandike «Mdogo»

Kwa miaka minne nilikuwa mjumbe wa kamati ya klabu moja ya binafsi jijini Nairobi, yenye bwawa la kuogelea, viwanja vya tenisi, chumba cha snuka na baa mbili, ambako mwanachama huruhusiwa kuja na wageni mradi awaandikishe katika daftari la mapokezi. Katika muda huo wote hapakuwa na jambo lililotuletea barua nyingi za malalamiko kuliko umri wa wageni vijana.

Kanuni tuliyoikuta ilisema kwamba watoto wadogo wasiingie baa, na wakiwa bwawani wawe na mtu mzima. Ilionekana kutosha hadi Jumapili moja alasiri, mwanachama alipokuja na mpwa wake wa miaka 13, kijana aliyekwisha kumpita mjomba wake kwa kimo, wakaketi baa kutazama mpira bila mhudumu kuuliza lolote. Jioni hiyohiyo binti wa miaka 20, mgeni wa mwanachama mwingine, alizuiwa mlangoni kwa sababu ya umbo lake dogo, akafedheheka mbele ya watu. Wenyeji wao wote wawili walidai kwamba mgeni wao hakuwa mtoto mdogo, na kwa maneno ya kanuni ile hatukuwa na la kuwajibu, maana tulikuwa tumemwachia mhudumu apime umri kwa urefu na ndevu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloshauri ni kuandika umri kwa namba, na kuifunga kila namba na mahali pake. Kuhusu baa hapakuwa na la kujadili, ingawa wapo waliojaribu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inakataza kumuuzia kileo mtu ambaye hajafikisha miaka 18, na tena inamkataza mwenye leseni kumruhusu kuingia mahali ambapo kileo hunywewa. Klabu nayo huuza kwa leseni. Hoja ya kwamba kijana yuko na baba yake tuliisikiliza kwa heshima, kisha tukaandika 18.

Bwawa ndilo lililotuchosha. Tulianza kwa kuandika «watoto hadi miaka 12», na wiki haikwisha kabla ya mzazi mmoja kuuliza kama mwanawe wa miaka 12 na miezi mitano yumo au hayumo. Liepukeni neno «hadi». Andikeni «ambaye hajafikisha miaka 12», na ugomvi huo utakuwa umekwisha kabla haujaanza. Baadaye tukakubaliana kwamba asiyefikisha miaka 12 awe na mtu mzima aliyeketi kando ya maji, wala si mkahawani. Kwamba wa miaka 12 hadi siku ya kutimiza 16 (naam, hapo «hadi» ilirudi, lakini ikiwa na siku yake) aogelee peke yake ikiwa amevuka urefu wa bwawa mbele ya mwokoaji. Na kwamba mtu mzima mmoja asisimamie watoto zaidi ya watatu.

Lakini mtu mzima ni nani? Swali hili wengi hulipita haraka, nasi tulilipita, mpaka tulipomkuta yaya aliyeachiwa watoto watano kando ya bwawa ambalo yeye mwenyewe, kwa kanuni zetu wenyewe, hakuruhusiwa kuingia. Angefanya nini mmoja wao akizama? Nikiri kwamba kanuni ile ya yaya ilikuwa ya aibu, nasi tuliifuta. Tangu hapo msimamizi alipaswa kuwa amefikisha miaka 18, kujua kuogelea, na kuwa na ruhusa ya kuingia majini.

Kuhusu uthibitisho, msidai kitambulisho cha taifa pekee, kwa sababu hutolewa mtu akifikisha miaka 18, na aliyefikisha juzi huenda bado anakisubiri. Cheti cha kuzaliwa au pasipoti vinatosha. Vitazameni na kuvirudisha bila kutoa nakala. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kabati lililojaa vyeti vya watoto wa watu ni mzigo ambao klabu haiuhitaji. Sisi tuliongeza safu moja tu katika daftari, ya tarehe ya kuzaliwa kwa mgeni ambaye hajafikisha miaka 18, na mwanachama akatia sahihi kando yake.

Sahihi hiyo ina kazi. Kamba hukatikia pembamba, na klabuni pembamba ni askari wa getini na mhudumu, ambao huulizwa «Unanijua mimi ni nani?» na mtu anayeweza kuwafukuzisha kazi. Tuliwaelekeza wasibishane na yeyote, bali wamwite meneja wa zamu, na onyo liende kwa maandishi kwa mwanachama aliyetia sahihi, si kwa kijana.

Barua ya kwanza ya onyo ilikuja kwangu. Nilikuwa nimemwacha mtoto wa shemeji yangu, wa miaka 9, bwawani, nikaenda mkahawani kumwagizia chipsi.