Kijiji kimeangukia nje ya duara: je, kiko salama?

SWALI: Nimetumia QGIS, programu ya kuchora ramani, kuchora bafa (duara la umbali maalumu) ya kilomita 10 kuzunguka kasoko ya volkeno, ndani nyekundu, nje kijani. Kijiji kilicho kilomita 14, kando ya mto unaoshuka kutoka mlimani, kimeangukia kwenye kijani. Naweza kuwaambia wakazi kwamba hawamo hatarini?

JIBU: Hapana. Anza kwa kuifuta hiyo rangi ya kijani.

Maduara haya naletewa kila mara, na yamenichosha. Kinachokaribia kulitii duara ni mawe yanayorushwa na mlipuko, nayo kwa kawaida huishia kilomita chache tu. Majivu huenda na upepo. Zaha (mwamba ulioyeyuka) na tope la volkeno hufuata mteremko, na mteremko hauna habari na bafa yako. Tarehe 13 Novemba 1985, mlipuko usio mkubwa wa volkeno ya Nevado del Ruiz, Kolombia, uliyeyusha sehemu ya barafu ya kileleni. Tope likashuka kwa mabonde ya mito hadi Armero, kilomita zipatazo 70 kutoka kasoko kwa kufuata mabonde hayo, na zaidi ya watu 20,000 wakafa. Sasa pima kilomita zako 14.

Tena zaha si lazima itokee kasokoni. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka ubavuni mwa volkeno ya Nyiragongo, Kongo (DRC), kuelekea mji wa Goma, na zaha ikaingia hadi mjini. Kwa hiyo nyufa na matundu ya zamani nayo yawemo kwenye ramani.

Kwa kijiji chako, tumia LAHARZ, programu inayokadiria tope la volkeno litafika wapi, au modeli ya aina hiyo. Ipe ujazo mdogo wa tope, wa kati na mkubwa, uone kila mmoja unafika wapi. Ila angalia data ya mwinuko: kwenye pikseli (vimraba vya data) za mita 30, korongo la upana wa mita 15 humezwa lote, na modeli italipeleka tope bonde lisilo lake. Litembee korongo hilo na GPS. Simama darajani pia, maana magogo na mawe yakiziba hapo, tope hupanda kingo na kuingia kwenye nyumba.

Na hawa wanaouza ramani za hatari zilizopikwa kwa mchana mmoja, waulizeni mambo mawili: mwinuko una pikseli za mita ngapi, na tope limekadiriwa kwa ujazo gani. Anayebabaika, ramani yake isibandikwe ofisi ya kijiji, hata ikiwa na rangi za kupendeza na mhuri juu.