Kabla hujakata fayawoli, funga kiti

Gari la mradi likifikia hatua ya kupandishwa injini isiyo yake, mikono huwasha kushika grainda. Injini ni ndefu, fayawoli, yaani bati linalotenga injini na chumba cha dereva, imekaa njiani, basi kata. Mimi nakushauri grainda ikae chini kwanza, ufunge kiti.

Nasema kiti kwa sababu mahali pa pedali panaamuliwa na mwili wa dereva, bati linafuata. Kiti kiwe kwenye reli zake, kwa kimo kitakachobaki nacho, usukani uwe mahali pake, nawe uvae viatu utakavyoendeshea. Kaa, kisha peleka mguu kama unayekanyaga breki hadi mwisho. Goti libaki limekunjika kidogo. Ukilazimika kunyoosha mguu mzima ndipo pedali ifike chini, siku ya kusimama ghafla utaishiwa nguvu. Goti likigusa usukani, mguu utachelewa kuhama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Chora kwa chaki mahali pa kila pedali, halafu ndipo uingize injini na giaboksi, zikae pale zitakapofungwa, ekzosi ikiwemo. Kata katoni upate umbo la bati jipya kabla hujagusa chuma. Mara nyingi sehemu ya kukatwa huwa ndogo kuliko ulivyodhani, na wakati mwingine kusogeza injini mbele kidogo tu kunatosha, fayawoli ikabaki nzima.

Sasa hesabu, na hii usiiruke. Pedali ya breki ni wenzo. Pima kutoka kwenye pini inapobembea hadi katikati ya sehemu unayokanyaga. Kisha pima kutoka pini hiyohiyo hadi pale inaposhika rodi ya masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili. Milimita 300 kwa 50 ni 6, na uwiano huo wa 6 kwa 1 ndio unaofaa gari lisilo na busta, kile kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu kwenye breki. Lenye busta huwa karibu na 4 kwa 1. Wengi hukwama hapa: wanang'oa busta ili wapate nafasi ya injini, wanabakiza pedali ileile ya 4, kisha wanashangaa breki imekuwa ngumu kama jiwe.

Njia nyingine ni kuweka masta yenye kipenyo kidogo. Ukitoka inchi 7/8 kwenda inchi 3/4, presha hupanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa nguvu ileile ya mguu. Lakini masta ndogo husukuma mafuta kidogo, kwa hiyo pedali itasafiri zaidi kabla kalipa, vibanio vya breki magurudumuni, hazijabana. Ndiyo maana naanza na uwiano wa pedali, masta nanunua baadaye.

Turudi kwenye fayawoli. Bati lake kwa kawaida lina unene wa karibu milimita 1, na kiwandani huongezewa nguvu pale pedali zinapofungwa. Ukihamisha pedali, unazitoa kwenye uimara huo. Ukikanyaga kwa nguvu ya kilo 50, jambo la kawaida mtu akishtuka, pedali ya 6 kwa 1 inaisukuma masta mbele kwa kilo 300, na pini ya pedali inasukumwa nyuma kwa kilo 250. Bati jembamba lililo katikati linavutwa huku na huku.

Mwenzangu mmoja alitoa upepo kwenye breki hadi akachoka, pedali ikabaki laini vilevile. Nilimwambia akae akanyage, mimi nikafungua boneti nikatazama. Kila alipokanyaga, masta ilikuja mbele pamoja na bati, milimita 2 hivi, na rangi kuzunguka bolti ilishaanza kufanya nyufa nyembamba. Milimita 2 kwenye masta, kwa pedali ya 6, ni milimita 12 chini ya kiatu. Upepo haukuwa na kosa lolote! Tulimwekea bamba la chuma la milimita 3, pana kuliko kitako cha masta kwa pande zote, na mkono wa chuma kutoka kwenye fremu ya pedali hadi kwenye upau unaopita chini ya dashibodi. Kipimo cha kutazama masta hakina gharama, kifanye hata kwenye gari ambalo hujalikata.

Kama unaweza, chukua seti nzima ya pedali kutoka gari moja, pamoja na fremu yake. Kukata mkono wa pedali ya breki na kuuchomelea upya ili ufupike au upinde ni kazi nisiyoikubali, labda kama aliyeshika weldi ni mtu unayeweza kumkabidhi maisha yako. Rodi ya masta iingie imenyooka. Ikiingia kwa mshazari inakula sili upande mmoja. Acha na mchezo mdogo, yaani nafasi huru kabla rodi haijagusa pistoni, milimita 1 hivi. Mchezo huo ukikosekana, pistoni haitafungua tundu la kurudishia mafuta kwenye kikopo, na breki zitaanza kujibana zenyewe zikipata joto. Pedali ya mafuta nayo iwekewe kizuizi chake sakafuni, ili mguu usiivute kebo hadi ikatike.

Masta ikiangukia karibu na ekzosi, weka ngao ya joto. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakimwagika kwenye rangi yanaibambua, kwa hiyo paka rangi lakini weka maji karibu ya kuyasuuza.

Wakati wa kuchomelea, ondoa kwanza zinki kwenye bati, moshi wake unaumiza. Na usisafishe chuma kwa dawa ya kupuliza ya breki yenye klorini kisha ukakipiga weldi: joto linaweza kuigeuza kuwa gesi ya fosijini, ambayo inaua.

Ukimaliza, ziba kila tundu, hata la bolti lisilotumika. Waya zote zipite kwenye raba, zisiguse makali ya bati. Usiku weka taa kali upande wa injini, ingia ndani, lala chini ya dashibodi utazame juu. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni njia ya moto na ya monoksaidi ya kaboni, gesi ambayo pua haiitambui.

Kabla gari halijatoka, kanyaga breki kwa nguvu zako zote ushikilie dakika nzima. Pedali ikizama polepole na nje hakuna panapovuja, sili ya ndani ya masta inapitisha mafuta. Achia, kisha sukuma gari kwa mkono. Magurudumu yakiburuta, rudi ukaangalie mchezo wa rodi.